Projekta za taa za gari: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Tabora

Nimeamua niyaweke sehemu moja maana simu zinaingia mpaka saa nne usiku, mmoja yuko Urambo, mwingine Kaliua, mwingine Kasulu huko, na wote wanauliza yale yale. Mimi ni fundi umeme wa magari, mambo mengine ya umeme nayafanya ila taa ndo nazifanya zaidi. Tafuta swali lako hapo chini usome, na kama gari yako ina jambo lake la peke yake basi njoo nayo tuione, taa haitibiwi kwa simu.

Projekta ndo nini hasa? Kuna fundi kaniambia ni balbu tu.

Sio balbu. Taa ya kawaida ina balbu imekaa ndani ya bakuli kubwa linalong'aa, tunaliita rifrekta, mwanga unagonga kule nyuma unarudi mbele na mikunjo ya lile bakuli ndo inaugawa huku na huku. Projekta ni kidude kizima kinachojitegemea: nyuma kuna bakuli dogo linalokusanya mwanga wote sehemu moja, katikati kuna kibati kimesimama kinaukata, halafu mbele kuna lenzi nene ya kioo iliyovimba. Lenzi inageuza picha juu chini, kwa hiyo kile kibati kilichozuia mwanga wa chini ndo kinatokea barabarani kama giza la juu. Hapo unapata ule mstari ulionyooka ukutani, chini mwanga, juu giza, na faida yote ya projekta iko kwenye huo mstari. Ukipiga fulu kuna kisumaku cha umeme, solenoidi, kinavuta kibati kinalala na mwanga wote unatoka.

Kwa hiyo ukinunua projekta unanunua mstari. Huo ukali wa mwanga hata balbu ya mchina inakupa.

Gari yangu ni Probox, taa ni hafifu sana nikitoka Tabora kwenda Sikonge usiku. Nifunge projekta?

Ngoja kwanza. Nusu ya magari yanayokuja na malalamiko hayo hayana shida ya taa, yana shida ya waya. Probox, Hiace na Noah nyingi za zamani zinatumia balbu ya H4, ile ya wati 60 fulu na 55 ya chini, na umeme wake unapita kwenye waya mwembamba, unaenda mpaka swichi, unarudi, unapita soketi iliyoshika kutu, ukifika kwenye balbu umechoka. Washa injini, washa taa, pima betri utakuta volti 14 hivi, halafu pima pale pale kwenye soketi ya balbu. Ukikuta 12 na kidogo ujue mbili zimepotelea njiani. Na halojeni, yaani hiyo balbu ya uzi, haisamehe, ukiipunguzia umeme kwa asilimia 10 tu mwanga unapungua karibu asilimia 30.

Dawa yake ni rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme wenyewe), waya wa milimita 2.5 kutoka betri, fyuzi, na soketi mpya za H4, ile ya kauri sio ya plastiki. Kazi ya saa mbili tatu. Wapo watu wamekuja wanataka projekta nikawafungia rilei na balbu mpya wakaenda zao wamefurahi, hela iliyobaki wakanunua tairi. Najua nafukuza biashara yangu mwenyewe hapa, ila ndo hivyo.

Angalia na kioo cha nje pia, kikiwa cha njano kama cha magari mengi yaliyokaa juani, hata uweke projekta ya Lexus ndani itatoka tope tu.

Si ni rahisi zaidi ninunue tu balbu za LED au xenon nichomeke kwenye taa niliyonayo?

Rahisi ndio. Na ndo maana ukitoka Nzega kuja Tabora usiku unafunga macho njia nzima. Rifrekta ya halojeni imepigiwa hesabu ya uzi mdogo wa balbu ya H4 pale pale ulipo, ukihamisha hata milimita moja mwanga unatawanyika. Xenon ni cheche inayowaka kwenye kichupa, sio uzi, LED ni vipande viwili vimegeuziana mgongo. Bakuli halijui lifanye nini na huo mwanga, linaurusha juu, kwenye miti, kwenye macho ya dereva wa basi anayekuja. Wewe uliyekaa ndani unaona mbele pamekuwa peupe unafikiri umepata kumbe mwanga mwingi umemwagika hapo mita 15 mbele ya bampa, na macho yakizoea weupe wa karibu, mbali huoni kitu. Ng'ombe kasimama mita 60, hayupo.

Ninunue projekta zipi sasa?

Hapa nitaongea sana kidogo.

Kitu cha kwanza, kabla ya bei, kabla ya kampuni, kabla ya rangi: hakikisha ni za nchi inayoendesha kushoto. Ule mstari ukutani haujanyooka mwanzo mpaka mwisho, upande mmoja una kona inapanda juu, kazi yake ni kumulika pembeni uone mtembea kwa miguu, alama, baiskeli. Sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo kona inatakiwa ipande kushoto. Zikiwa za nchi za kulia kona inapanda kulia, yaani inamlenga machoni kabisa yule anayekuja mbele yako, na hamna fundi atakayeirekebisha kwa bisibisi, ukishusha mpaka isimuumize basi wewe utakuwa unamulika vidole vyako vya miguu.

Ndugu zangu wa Kigoma hili ni lenu hasa. Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo spea za taa zilizokuja kwa ajili ya huko na zikavuka mpaka zikauzwa pale Mwanga, Kigoma mjini, au Kasulu mara nyingi ni za kulia. Zinang'aa, ziko kamili, bei nzuri, ila kona imekaa vibaya. Spea zilizotoka kwenye magari ya Japani ziko sawa maana Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi. Kuna projekta zina kidude kidogo pembeni unakisogeza inabadilika kushoto au kulia, hizo nazo safi. Mwambie muuzaji wa Kariakoo aiwashe ukutani akupigie picha kabla hajaituma kwa basi. Akikataa, achana naye.

Kitu cha pili ni saizi. Za inchi 2.5 zinaingia kwenye taa nyingi ndogo, za inchi 3 mwanga wake ni mpana zaidi ila zinataka nafasi, kwenye gari ndogo utakuta unakata plastiki mpaka taa inabaki ganda. Kwa gari yenye H4 kuna zile ndogo za balbu ya H1 zina mkia wenye nyuzi kama boliti, mkia unapita tundu la H4 unakaza nati kwa nyuma, hizo ndo nafungia watu wengi maana huhitaji kukata chochote na kesho ukitaka kurudisha taa ya zamani unarudisha.

Kitu cha tatu, xenon au LED. Xenon ya wati 35 yenye 4300K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda unaelekea bluu) inatoa kama lumeni 3,200, H4 ya kawaida kwa taa ya chini inatoa kama 1,000 tu. Projekta za LED za siku hizi, zile LED imejengwa humo humo, nazo nzuri na zinawaka papo hapo bila kusubiri, ila angalia feni na bati la kupoozea joto. Vumbi letu la Julai linaua feni. Ukichukua ya bei ya chini kabisa utarudi.

Nichukue K ngapi? Nataka ile ya bluu bluu.

4300 au 5000. Basi. Hizo 8000 ni za harusi, mwanga unapungua, na vumbi na mvua vinaurudisha wote machoni mwako. Mimi nikiambiwa 10000 nafunga duka.

Halafu ukiona mstari ukutani una ukingo wa bluu au zambarau usiniambie nimekuwekea taa mbovu, hiyo ni lenzi inagawa rangi, kawaida kabisa.

Balbu za xenon za D2S na D4S zinaingiliana?

Hapana. D2S inatembelea kama volti 85, D4S kama 42, na balasti zake, vile viboksi vinavyoipa xenon umeme wake, ni tofauti. D2R nayo ina rangi nyeusi kwenye kichupa, ni ya rifrekta, ukiiweka kwenye projekta utapata vivuli. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu kabla hujalipa, na nunua mbili kwa pamoja maana xenon inabadilika rangi ikizeeka, ukibadili moja gari itakuwa na jicho moja jeupe na moja la njano.

Taa inafunguliwaje? Naogopa kioo kupasuka.

Una haki ya kuogopa. Taa nyingi za Toyota za Kijapani zimebandikwa kwa butili, ile gundi nyeusi inayovutika, ukiipa joto inalainika. Unatoa bampa, unatoa taa, unatoa balbu zote na kila kifuniko cha mpira na skrubu zote zinazoshika kioo, halafu taa inaingia kwenye oveni iliyoshapata joto nyuzi 110 hivi kwa dakika nane mpaka kumi, ikitoka unaanza na kona moja, bisibisi bapa taratibu, unabana klipu moja unaenda nyingine. Ikikataa unairudisha ndani dakika tatu. Usilazimishe. Mtu asiye na oveni anatumia ile bunduki ya hewa ya moto, inawezekana ila unazunguka nayo, usisimame sehemu moja. Jiko la mkaa usithubutu, upande wa chini unayeyuka wakati wa juu bado wa baridi, na usiseme fulani aliweza.

Kuna taa zingine, za Ulaya hasa, zimebandikwa kwa gundi ngumu ambayo hata uipike mpaka kesho haiachii. Hizo ni za kukata na kifaa maalum, na mimi huwa nawaambia wenye gari watafute taa nzima yenye projekta yake.

Ikishafunguka, usishike ndani ya rifrekta. Usiifute. Najua utaona kavumbi na mkono utawasha, ile ng'aa ng'aa ni utando mwembamba mno wa alumini, ukipitisha kitambaa hata laini umeshauchora. Puliza hewa uache hivyo.

Kwenye kufunga kwenyewe fundi anakosea wapi?

Kwenye mzunguko. Projekta ya mkia inazunguka ndani ya tundu kabla hujaikaza, na ikikaa imeinama kidogo tu mstari wako ukutani utakuwa mlima, upande mmoja juu upande mmoja chini. Skrubu za taa zinasogeza juu chini na kushoto kulia, hazizungushi, kwa hiyo ukishafunga kioo kwa butili umekwisha, unafungua tena. Ninavyofanya mimi, naifunga kwa nati bila kukaza sana, narudisha taa kwenye gari bila kioo cha mbele, nawasha naangalia ukutani, nazungusha mpaka sehemu bapa ya mstari inalala sawa na mstari wa chaki, ndo nakaza mpaka mwisho na kuweka tone la gundi ya chuma kwenye nati. Barabara zetu za rafu zitalegeza chochote ambacho hakijagundishwa. Kuna jamaa wa Kaliua alikuja taa ya kulia inaangalia mbinguni, nati ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Na kibati cha solenoidi kijaribu kabla hujafunga kioo. Piga fulu mara kumi, usikie ile tik tik pande zote mbili.

Nimefunga projekta, sasa nikiweka taa ya chini inakuwa fulu, nikiweka fulu inakuwa ya chini!

Toyota hiyo. Magari mengi ya Kijapani yanakata umeme kwenye negativu sio kwenye pozitivu: waya wa kati wa H4 una umeme muda wote taa ikiwaka, na swichi inaunganisha bodi ya gari, yaani negativu, upande wa chini au wa fulu. Waya za projekta za kununua nyingi zimetengenezwa kwa magari yanayokata pozitivu. Usianze kukata kata waya za gari kwa hasira. Chukua waya wa rilei ulioandikwa kuwa ni wa negativu, au mwambie fundi ageuze upande wa koili ya rilei (hizi ni namba za pini zake): 86 ipate pozitivu inayokuja na taa, 85 iende kwenye waya wa fulu wa swichi. Solenoidi yenyewe ilishwe kutoka 87.

Na waya zingine?

Balasti isile umeme kwenye soketi ya H4 moja kwa moja. Ikishatulia inavuta ampea tatu na kidogo tu, chini hata ya halojeni, lakini pale inapowaka inavuta zaidi ya mara mbili ya hapo, na waya wa zamani utaungua au taa itagoma kuwaka betri ikiwa chini. Pozitivu kutoka betri, fyuzi ya 20 au 30 karibu kabisa na betri, sio katikati ya waya, rilei, bodi safi iliyokwanguliwa rangi.

Waya wa kutoka balasti kwenda kwenye balbu usiuongeze, usiukate, usiuguse taa ikiwaka. Ile pale inapowasha inapiga zaidi ya volti elfu 20. Sio utani. Balasti yenyewe ikae mbali na rejeta, sehemu za waya ziangalie chini maji yasiingie.

Nina Fuso, naweza kufunga hizi?

Fuso yako ni volti 24. Tafuta balasti ya 24. Ya 12 itawaka vizuri sana kwa sekunde kadhaa.

Nazilengaje? Hapa ndo sielewi kabisa.

Na hapa ndo penye kazi. Kufunga ni nusu siku, kulenga ni nusu saa, ila ukiniuliza ipi muhimu nitakwambia hiyo ya nusu saa, na ndo ambayo watu wanairuka maana jua bado halijazama na mwenye gari ana haraka.

Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa. Sawa kweli, sio kwa macho. Hapa kwangu natumia ukuta wa godauni la jirani, una chaki juu ya chaki mpaka mwenye godauni kazoea. Pampu tairi zote upepo wake sawa, tanki liwe nusu hivi, mtu akae kwenye kiti cha dereva (mwenye gari mwenyewe, sio kijana wa gereji mwenye kilo 50), vitu vya kudumu kama jeki na spea viwe ndani. Kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha taa karibu na usukani kiweke kwenye sifuri.

Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya chaki katikati ya kila lenzi na katikati ya gari. Rudisha gari nyuma moja kwa moja, pima kwa futi kamba kutoka lenzi mpaka ukutani, mita 5 kama eneo dogo, mita 10 kama unayo nafasi. Kanuni ni asilimia moja: kwa kila mita moja mwanga unashuka sentimita moja. Kwa hiyo mita 5, mstari bapa ukae sentimita 5 chini ya alama ya lenzi. Mita 10, sentimita 10. Kona inapoanzia kupanda ikae moja kwa moja chini ya chaki ya lenzi yake, isiingie upande wa kulia. Lenga moja moja, nyingine ifunike na kitambaa kwa dakika mbili tu, usiache kikaungua.

Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, zingine za bisibisi ya nyota zingine za spana namba 8 au 10. Moja ya juu chini, moja ya pembeni. Zungusha robo robo uangalie. Ikigoma usilazimishe, plastiki yake ya miaka 20 itakatika, paka mafuta kidogo subiri.

Kwa nini asilimia moja? Lenzi ya gari ndogo iko kama sentimita 65 kutoka chini. Mwanga ukishuka sentimita moja kila mita, unagusa barabara mita 65 mbele. Ukishusha iwe asilimia mbili unagusa mita 32 tu. Sasa kwa mwendo wa 80 gari inakula mita 22 kila sekunde, na mpaka ushtuke, ukanyage, isimame, mita 55 au 60 zimeisha kwenye lami kavu. Kwa hiyo taa ya chini iliyolengwa vizuri inakutosha 80, kwa tabu. Ukikimbia 100 kwenye msitu huko mbele ya Ipole kwa taa ya chini, unakimbia gizani hata kama projekta yako ni ya bei gani.

Ukimaliza ukutani nenda barabarani, barabara iliyonyooka isiyo na watu, uangalie mgongo wa gari lililo mbele yako: mstari ukae chini ya kioo chake cha nyuma. Ukiona kichwa cha dereva wake kinang'aa, bado.

Nimelenga vizuri lakini nikipakia mzigo watu wananipigia fulu.

Mzigo unakalisha nyuma, mbele inanyanyuka. Chukua Probox, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni mita mbili na nusu hivi. Magunia yakishusha nyuma sentimita 5 tu, gari imeinuka asilimia mbili. Wewe ulikuwa umelenga asilimia moja chini, sasa uko asilimia moja juu. Mita 50 mbele mwanga wako uko kwenye kimo cha sentimita 115, yaani macho ya mtu aliyekaa kwenye gari ndogo. Na kwa projekta hii ni mbaya kuliko halojeni kwa sababu chini ya ule mstari mwanga ni mkali mwanzo mpaka mwisho, hakuna pa kupumzikia jicho.

Kile kigurudumu cha karibu na usukani ndo kazi yake hiyo, 0 gari tupu, namba ikipanda taa inashuka. Wengi hawajawahi kukigusa toka gari itoke bandarini. Kama chako kimekufa au gari haina, na kazi yako ni kubeba dagaa kutoka Kigoma au mahindi kila wiki, basi lenga gari ikiwa na mzigo, ukiwa tupu utaona karibu kidogo, vumilia. Na shokapu au springi ukibadilisha, lenga upya.

Maji yanaingia ndani ya taa baada ya kufungua.

Ukungu mwembamba asubuhi ya baridi ambao unaondoka taa ikiwaka, sio shida. Matone yanayotiririka ni shida, butili haijashika. Unafungua tena, unatoa ya zamani yote unaweka mpya, unapasha joto unabana na klipu na skrubu. Watu wanapaka silikoni ya madirisha kwa nje juu ya uchafu halafu wananiletea mwezi wa kumi na mbili mvua zimechanganya.

Angalia na vipumulio, vile vimirija vya mpira kwa nyuma vinavyoangalia chini. Taa lazima ipumue. Juzi kuna Noah imekuja taa imejaa jasho, butili nzima, fundi mzima, kumbe nyigu kajenga kanyumba kake ka udongo ndani ya mrija, kaziba kabisa. Waya mwembamba, dakika moja, kwisha habari.

Upande mmoja unapepesa au hauwaki mara moja moja.

Hamisha balasti ya kushoto iende kulia. Tatizo likihama, balasti. Lisipohama hamisha balbu. Likibaki pale pale, ni waya au bodi. Usinunue kitu kabla hujafanya hivyo.

Trafiki atanikamata?

Trafiki hapimi K wala hafungui boneti, anaangalia kama umemuumiza macho. Taa nyeupe, zimelengwa, unashusha ukikutana na mtu, utapita. Taa za bluu mbele, nyekundu mbele, zile za juu ya bampa zinazowaka muda wote mjini, hapo mtaelewana wenyewe. Ukifunga enjeli aizi, zile pete za mwanga kuzunguka lenzi, sawa, za rangi nyekundu za kutisha watoto mimi sifungi.

Kioo cha nje kimekuwa cha njano, nikisugue na dawa ya meno?

Itang'aa wiki mbili. Msasa wa maji namba 800, halafu 1000, halafu 2000, halafu polishi, na cha mwisho ambacho watu wanaruka ni klia, ile rangi isiyo na rangi, yenye kinga ya jua. Bila hiyo klia jua la Tabora linakurudisha ulikotoka kabla ya masika.

Ikizima usiku katikati ya pori nafanyaje?

Kama projekta zako ni za H1, weka kwenye dashibodi balbu mbili za halojeni za H1, zile za wati 55, bei yake ndogo. Kitako ni kile kile. Zima taa zote, subiri dakika chache maana ina moto, chomoa balbu ya xenon bila kushika kichupa, weka ya halojeni, nayo usiishike kioo, kisha ile plagi iliyokuwa inaingia kwenye balasti unganisha waya zake moja kwa moja kwenye balbu. Mwanga utakuwa wa njano na mdogo lakini mstari utakuwa pale pale maana kibati ni kile kile, utafika. Mwambie fundi wako akutengenezee kabisa kijiwaya chenye plagi pande zote mbili, ukae nacho humo humo na balbu, usije ukaanza kuchuna waya kwa meno saa nane usiku.